Dishi ya Mbwa Imekauka, Mfuko Pia

Tangu Nax ipewe cheti ya kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, hata mbwa zimepanda cheo. Zamani ukisema uko na mbwa Nakuru, kila mtu alijua ni Simba ama Bosco, mbwa koko amefungwa cheni nyuma ya nyumba, anakula makoko ya ugali na supu ya matumbo, usiku anafunguliwa achunge geti. Siku hizi pita Milimani, Kiamunyi ama Naka Jumamosi asubuhi ujionee. Jesii amechanwa manyoya anang'aa, ka-Maltese kamevalishwa sweta juu baridi ya huku haichezangi na mtu, na Boerboel anavuta morio mzima barabarani hadi hujui nani ametoa mwenzake matembezi.

Na ukishaanza kulea mbwa na tenje mkononi, TikTok lazima ikuletee ile video. Dame wa majuu anafungua pakiti ya kung'aa, anamwaga vipande vidogo vya nyama vimekauka, anaongeza maji ya vuguvugu, mbwa anaramba bakuli hadi inateleza jikoni yote. Maneno chini yanasema ni nyama mbichi, haijaona moto, haina unga, ni vile mbwa mwitu anakulanga msituni. Hiyo ndio friz-drai. Na mbogi ya wenye mbwa hapa Nax imeanza kuulizana: hii kitu inalipa, ama ni stori za jaba?

Jibu nalitoa mapema usisome na presha. Kama zawadi ndogo ya mkononi, friz-drai iko sawa. Kama dishi ya kila siku kwa mtu wa Nax, achana nayo. Na bei ni nusu tu ya sababu.

Inatengenezwa aje

Nyama mbichi inasagwa, mara mingi pamoja na maini, moyo, mifupa iliyosagwa laini na mboga kidogo. Inagandishwa hadi inakuwa mawe. Halafu inaingizwa kwa chumba cha chuma, hewa inafyonzwa yote, joto linaongezwa kidogo kidogo. Huko ndani barafu haipati nafasi ya kuwa maji. Inaruka moja kwa moja inakuwa mvuke, na mvuke unatolewa nje. Hiyo kazi inaweza kula siku nzima na zaidi. Ikiisha, karibu maji yote yametoka, lakini nyama bado iko na umbo lake, harufu yake na protini zake.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Kama unakunywanga Nescafé Gold, zile chembechembe zilikaushwa hivyo hivyo. Kwa Vita ya Pili ya Dunia, plasma ya damu ya kuokoa majeruhi ilikaushwa hivi ndio ifike vitani bila kuharibika. Mbwa wamekuja tu kuingia kwa hiyo foleni nyuma.

Na nikuambie ukweli, faida iko. Mtu wa Pipeline ama Kaptembwa akipotelewa na stima usiku mzima, nyama ya kwa frizi asubuhi inatoa harufu ya kukuita jina. Friz-drai inakaa kwa kabati miezi mingi bila frizi, bora pakiti isifunguliwe. Ni nyepesi, haimwagiki, na mbwa wengi wanaipenda kufa. Mbwa anayechagua chakula kama bibi harusi, huyo akinusa friz-drai anasimama. Hakuna mtu anabisha hapo.

Kaa chini tupige hesabu

Nyama ya ng'ombe ni maji kama asilimia 70. Ukitoa hayo maji, kilo moja inabaki gramu mia tatu hivi. Kwa hivyo pakiti ya gramu 400 ya friz-drai ni kama kilo moja na kitu ya nyama ya kawaida, imenyweshwa jangwa. Hiyo kilo na kitu ukinunua kwa bucha ya Nax, steki kabisa ya kuliwa na binadamu, haifikishi ngiri moja na nusu.

Sasa cheki pakiti. Huko Marekani, saizi ya karibu gramu 400 mara mingi inauzwa kati ya dola 30 na 40. Weka dola kwa bob 130, chukua bei ya katikati, hapo ni kama 4,500. Bado haujalipa ndege, ushuru, wala faida ya mwenye duka.

Chukua Jesii mtu mzima wa kilo 25, mwenye anatembezwa vizuri. Huyo anahitaji kama kalori 1,250 kwa siku. Friz-drai nyingi ziko na kalori 450 hadi 500 kwa kila gramu 100, kwa hivyo atamaliza gramu 260 hivi kila siku. Pakiti inaisha siku moja na nusu. Mwezi ni pakiti 19 na nusu. Zidisha: kama 88,000. Msee, hiyo ni renti ya bedsitta ya kawaida Nax miezi mingi mfululizo, na mbwa ameimaliza kwa mwezi mmoja na bado anakuangalia ukikula chapo.

Ka-Chihuahua ka kilo 2 ni hesabu tofauti. Kenyewe kanahitaji kama gramu 40 kwa siku, pakiti inasukuma siku kumi, mwezi ni pakiti tatu, 13,500 hivi. Bado ni doh, lakini angalau mwenye pesa anaweza kufikiria bila kuuza sofa. Ndio maana wale wanaisifu sana mtandaoni ukiangalia vizuri utapata mbwa yao inaingia kwa kibeti.

Na kuna mambo ya njia. Bidhaa yoyote ya nyama ikitoka nje inahitaji kibali cha idara ya mifugo ya serikali, ile wasee wa mifugo wanaita DVS. Kwa hivyo ukiuziwa pakiti na mtu wa Instagram, haina kibali, tarehe imekwaruzwa, na amekuambia cuzo wake aliibeba kwa sanduku la nguo, jua hakuna mtu wa kumuuliza swali mbwa akianza kuhara. Na ikiwa alikugawia kutoka kwa pakiti iliyofunguliwa, akaifunga tena kwa karatasi ya nailoni, ndio mbaya zaidi. Friz-drai ikipata unyevu inarudi kuwa nyama mbichi, na nyama mbichi nje ya frizi unajua tabia yake.

Kukausha hakuui

Hapa ndio matangazo huwa yanakohoa kidogo halafu yanabadilisha mada. Watu wanafikiria hiyo baridi kali na ukavu vimemaliza vijidudu vyote. Wapi.

Mtoi akizaliwa pale hospitali ya PGH anadungwa BCG ya kumkinga na TB. Hiyo chanjo hufika ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa, nesi anaukoroga na maji yake maalum kabla ya kudunga. Ndani ya huo unga kuna bakteria hai, wamedhoofishwa tu. Walikaushwa kwa njia hii hii tunaongelea, na wakilowa wanaamka. Mtu wa maabara akitaka kuweka bakteria hai kwa miaka, hiyo ndio mashine anakimbilia. Kwa hivyo kama nyama iliingia na Salmonella, kuna uwezekano mkubwa itatoka na Salmonella, imekauka, inangojea maji ya vuguvugu kwa bakuli yako.

Na hiyo si kuogopeshana. Kati ya 2010 na 2012, FDA ya Marekani ilipima sampuli 196 za chakula kibichi cha wanyama wa nyumbani. 15 zilikuwa na Salmonella na 32 zilikuwa na Listeria. Hizo ni bidhaa zimepitia viwanda vya kisasa, zimefungwa vizuri, zimewekwa baridi. Muungano wa madaktari wa mifugo wa Marekani, AVMA, kufikia 2012 ulikuwa umeweka msimamo wa kushauri watu wasilishe mbwa protini mbichi ambayo haijapitishwa kwa njia ya kuua vijidudu.

Kampuni zingine zinajaribu kujitoa hapo. Nyama inafungwa, inawekwa kwa maji baridi yenye shinikizo kali kupita kiasi, na hiyo presha inapasua bakteria bila moto. Inasaidia sana. Kwa hivyo ukiona friz-drai, swali la kwanza kuuliza ni kama ilipitia hiyo presha, na kama kila mzigo hupimwa kabla ya kuuzwa. Kama muuzaji anakuangalia tu anacheka, weka chapaa mfukoni.

Mbwa mwenyewe anaweza kukula Salmonella na aonekane fiti, mkia unacheza. Lakini anaitoa kwa mavi, iko kwa mdomo wake, na huo mdomo ndio unaramba mtoi usoni. Kama kwa keja kuna mtoto mchanga, mama mjamzito, shosh amezeeka ama mtu kinga yake ya mwili imeshuka, friz-drai mbichi haifai kuingia hapo kabisa.

Ubichi wa huku Rift

Sasa kuna msee atasema: basi naruka pakiti ya majuu, naenda slaughter nachukua mapafu na maini mbichi kwa bei ya kutupa, si ni kitu moja? Tulia hapo hapo. Ubichi wa huku una historia yake.

Kuna mnyoo mdogo sana, urefu wa milimita chache, anaitwa Echinococcus. Anaishi kwa utumbo wa mbwa. Mayai yake yanatoka na mavi, yanaingia kwa nyasi, ng'ombe na mbuzi na kondoo wanayala, halafu yanajenga vifuko vya maji kwa ini na mapafu. Mbwa akikula hilo ini ama pafu likiwa bichi, mzunguko umekamilika. Binadamu anaingiaje? Mayai yanakwama kwa manyoya ya mbwa, kwa mikono ya watoi, kwa sukuma ya shamba. Ukiyameza, kifuko kinaota ndani yako, polepole, miaka na miaka bila maumivu, hadi siku tumbo linavimba na unahitaji kupasuliwa. Turkana imewahi kuhesabiwa kati ya sehemu zilizoumizwa zaidi na huu ugonjwa duniani, hadi AMREF ikaanzisha kampeni ya kuupiga vita huko miaka ya 80. Na mifugo ya Kenya haikaangi mahali pamoja. Mbuzi wa mbali anaweza kumalizia safari yake kwa slaughter karibu na wewe.

Hapo ndio mkaguzi wa nyama anakuwa mtu wa maana. Akipata ini lina vifuko, analikata na kulikataa, na linafaa kuzikwa ama kuchomwa. Shida ni lile linatoka kwa mlango wa nyuma na jina "chakula ya mbwa". Kwenye mambo ya minyoo, friz-drai ya kiwandani inashinda hayo mapafu ya mlango wa nyuma, kwa sababu barafu kali ya siku kadhaa inaua vile vifuko vilivyo ndani ya nyama. Lakini sufuria inashinda zote mbili. Chemsha nusu saa, maji yakitokota kweli kweli, na mnyoo amekwisha, Salmonella imekwisha.

Na kuna ile ofa ingine hatari: mnyama amekufa mwenyewe kwa boma, mwenye ng'ombe hataki hasara yote, anasema chukua ulishe mbwa. Nakuru inajua kimeta. Mwaka wa 2015 nyati wengi walikufa na kimeta ndani ya Lake Nakuru National Park, na maeneo ya karibu yamewahi kuona ugonjwa huo kwa mifugo na kwa watu. Mbegu za kimeta zinaweza kulala kwa udongo miaka mingi, hazijali baridi, hazijali ukavu. Mbwa anaweza hata kupona, wewe uliyekuwa unakatakata hiyo nyama na kisu ndio unaishia wodi. Homa ya Bonde la Ufa nayo imebeba jina la hapa kwetu kwa sababu ilitambuliwa kwenye kondoo wa shamba moja karibu na Lake Naivasha, na wanasayansi wakaiandika 1931. Hiyo pia inapenda sana mtu anayeshika damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Kwa hivyo sheria ni moja: kama hakikupita kwa mkaguzi, hakiingii kwa bakuli.

Ugali imesingiziwa

Injili ya friz-drai ina aya moja inarudiwa kila siku: mbwa ni mbwa mwitu, wanga si chakula chake. Inaingia masikioni poa, lakini mbwa aliachana na mbwa mwitu kitambo. Mwaka wa 2013 watafiti wa Sweden walichapisha kazi kwa jarida la Nature wakionyesha jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga. Mbwa mwitu alikuwa na nakala mbili. Mbwa wa nyumbani alikuwa nazo nyingi, wengine zaidi ya ishirini. Kuishi na binadamu, kukula mabaki yake maelfu ya miaka, kumembadilisha tumbo. Simba wa geti akimaliza ugali yake halafu analala kama boss, mwili wake unajua kile unafanya.

Shida ya ugali iko mahali pengine. Iko kwa mahindi. Kila mtu wa Rift anajua ile tabia: gunia likipata maji, mahindi yakaota ukungu, mtu anachambua. Mazuri ni ya nyumba, mabovu ni ya kuku na mbwa. Hapo ndio mbwa anauawa polepole. Huo ukungu unaweza kutoa sumu inaitwa aflatoksini, inakula ini, na kuchemsha hakuimalizi. Mwaka wa 1960 vifaranga vya bata 16,000 vilikufa kwa shamba moja hapa Rift Valley kwa chakula kilichokuwa na hiyo sumu. Mwaka wa 2004 ikawa zamu ya binadamu, pande za Makueni na Kitui: watu 317 waliugua, 125 wakafa. Na usifikirie chakula cha gunia cha majuu kimeokoka. Mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021, zaidi ya mbwa 110 waliripotiwa kufa Marekani wakihusishwa na chakula kikavu kilichokuwa na aflatoksini.

Ini la mbwa ni dhaifu sana kwa hii sumu. Kwa hivyo kama unga huwezi kuusongea ugali yako, usimsongee. Hiyo hatua moja haigharimu kitu na inamfaidi mbwa kuliko pakiti yoyote yenye picha ya mlima na theluji.

Sufuria ya Nax

Turudi kwa Jesii wetu wa kilo 25, tumpikie. Unga wa mahindi mzuri gramu 200. Mapafu, moyo ama matumbo yaliyokaguliwa, gramu 350 hivi. Kijiko cha mafuta ya kupikia. Karoti, malenge ama sukuma kiasi. Chemsha nyama na mboga kwanza, nusu saa ama zaidi, halafu songa unga humo humo. Siku zingine badilisha nyama na omena, lakini ioshe vizuri mchanga utoke. Ini mpe kidogo tu mara moja moja, kwa sababu vitamini A ikizidi inageuka sumu.

Kitunguu wacha kabisa. Na hapo ndio mabaki ya meza yanatuchoma, maana nyumba gani Kenya inapika mboga bila kitunguu? Kitunguu kinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, kiwe kibichi ama kimekaangwa. Chumvi na zile vikolezo vya pakiti pia ziache kwa sahani yako. Mifupa iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vikali vinatoboa utumbo.

Sasa kitu watu wengi wanasahau: kalsiamu. Nyama ina fosforasi mingi na kalsiamu kidogo sana. Kausha maganda ya mayai, saga yawe unga laini, weka kijiko kidogo cha chai kwa siku, kisijae. Bila hiyo, mwili wa mbwa unaanza kukopa kutoka kwa mifupa yake mwenyewe. Kwa pup ni balaa. Pup wa Jesii ama Boerboel akilishwa nyama tupu, hata nyama ya bei, miguu inapinda. Yeye usimfanyie majaribio ya jikoni. Tafuta biskuti za mbwa zimeandikwa kwamba ni kamili kwa watoto wa mbwa wakubwa, umlee nazo hadi akomae.

Bei? Unga wa gramu 200 ni kama bob kumi na tano hivi. Ukipata mapafu ama matumbo kwa soo mbili kilo, hiyo gramu 350 ni sabini. Mafuta na mboga, weka bob kumi na tano. Jumla soo moja kwa siku, ngiri tatu kwa mwezi. Friz-drai ilikuwa ngiri 88. Hata ukiamua kumpa nyama ya kusaga ya kuliwa na binadamu kila siku, bado haujakaribia.

Sisemi hii sufuria imekamilika asilimia mia. Zinki, ayodini, vitamini D na E zinaweza kupungua ukitegemea hiyo tu mwaka baada ya mwaka. Njia rahisi ni nusu kwa nusu: asubuhi biskuti kamili za mbwa, jioni sufuria. Ama uliza daktari wa mifugo akupimie mchanganyiko wa vitamini na madini. Egerton pale Njoro kuna kitivo kizima cha udaktari wa mifugo, kwa hivyo huku kwetu hatukosi watu wamesomea hii kitu. Wenye wanakosa ni wa kuwauliza.

Friz-drai ikae wapi

Kuna mahali inaingia vizuri, usiitupe yote.

Mafunzo. Kipande kidogo saizi ya punje ya mahindi, mbwa akikaa chini anapata, akija ukimwita anapata. Pakiti moja hapo inaenda mbali. Safari pia: unapeleka mbwa ocha Molo wikendi, hutaki kubeba nyama inavuja damu kwa mat. Mbwa mzee ama ametoka kuugua na amekataa chakula, unaweza kuivunjia juu ya dishi yake ya kawaida ili harufu imvute, lakini uliza daktari kwanza, kwa sababu mgonjwa ndio wa mwisho kutupiwa vijidudu. Na ka-mbwa kadogo ka kilo mbili tatu, kama mfuko unaruhusu na kwa nyumba hakuna mtu wa kuhatarishwa.

Ukinunua, soma nyuma ya pakiti kabla usome mbele. Tafuta kama wamesema ni chakula kamili chenye uwiano, ama ni cha kuongezea tu. Nyingi za zile vipande vya ini ama moyo mtupu ni za kuongezea, na mbwa akiishi nazo pekee atadhoofika akiwa ameshiba. Ukifungua, ishike kama nyama mbichi ya bucha: osha mikono, osha bakuli na sabuni, kilichobaki kikilowa kitupe. Na mbwa awe na maji safi karibu, maana dishi kavu inamuibia.

Ama tengeneza yako. Chukua maini ya kukaguliwa, yachemshe hadi yaive ndani, kata vipande vyembamba, yakaushe kwa oveni ya moto mdogo hadi yanavunjika ukiyapinda. Hayatakaa kwa kabati miezi kama ya kiwanda, kwa hivyo yaweke kwa frizi na utengeneze kidogo kidogo. Mbwa yako hatakuuliza kama ilipitia chumba cha kufyonza hewa.

Sasa foleni ya chapaa, kutoka mbele. Kwanza chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na kama umesota, ngojea kampeni za karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mara mingi kuna sehemu wanachanja bure. Pili chanjo ya parvo kwa pup, hiyo inamaliza pup kwa siku chache. Tatu dawa ya minyoo yenye praziquantel, kila miezi mitatu, na kila wiki sita kama mbwa yako anazurura akiokota vya slaughter. Nne dishi ya kila siku, mahindi mazuri na nyama imepikwa. Tano ndio friz-drai.

Ukimaliza zote nne na bado kuna ngiri tano zinawasha mfukoni, haya, nunua pakiti. Mwambie mbwa akae, akikaa mpe kipande. Yeye atafurahia, wewe utapost, na landlord atapata yake.